Kipande Alichobakiza Baba

Jirani yangu wa ghorofa ya chini huchoma nyama kila Jumapili. Hulitoa jiko lake kibarazani mara tu watu wanaporudi kutoka kanisani, na mafuta ya mbavu yakianza kudondokea makaa, moshi hupanda moja kwa moja hadi dirishani kwangu. Sijawahi kumlalamikia. Ni mtu mstaarabu, na mara mbili tatu ameniletea sahani. Lakini moshi huo ukiingia mimi huacha ninachofanya, iwe ni kusahihisha madaftari ya wanafunzi au kupiga pasi, nikakaa chini kidogo. Sipendi watu wanaodai kwamba harufu fulani huwatoa machozi, kwa hiyo nitasema tu kwamba hukaa chini.

Harufu hiyo, kwangu mimi, ni ya mahali pamoja. Palikuwa na hoteli ya choma pembezoni mwa mji wa Kericho, pale ambapo nyumba za watu zinaisha na majani chai yanaanza. Mbele kulikuwa na bucha yenye dirisha la kioo, mbuzi wakining'inia na mihuri yao ya zambarau. Nyuma kulikuwa na bustani ya nyasi fupi, vibanda vya mabati visivyo na kuta, na meza zilizotandikwa nailoni ya maua. Ulichagua nyama yako dirishani kwa kidole, ukapimiwa mbele ya macho yako, kisha ukaenda kukaa na kusubiri. Ukisubiri ulisikia mvua ikitembea juu ya majani chai kabla haijafika kwenye mabati, maana Kericho mvua ya alasiri huja kila siku kama mtu wa kazi.

Nyama ilipoiva ililetwa juu ya ubao, si kwenye sahani. Aliyehudumu aliikatakata hapo hapo mezani, kisu kikigonga mfupa, akamwaga chumvi kwenye pembe ya ubao, akaweka kachumbari na ugali, kisha akakumiminia maji ya moto ya kunawa. Hapakuwa na uma wala kisu cha mlaji. Wote mliokaa pale mlikula kutoka ubao uleule, na jambo hilo ndilo lililonishtua siku ya kwanza kuliko hata wingi wa nyama.

Nyumbani kwetu Merigi, baba hakula nasi. Sidhani kama nitawashangaza wenzangu wa rika langu nikisema hivyo. Alikula sebuleni, peke yake au na mgeni, na sisi tulikula jikoni na mama tukizunguka moto. Mama alipakua sahani ya baba kwanza, akaweka nyama iliyo bora juu ya ugali, akamtuma mmoja wetu aipeleke. Na hapa palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: baba hamalizi nyama. Awe ameshinda akichuma chai tangu alfajiri, awe na njaa ya namna gani, lazima abakize kipande sahanini. Kipande hicho ni cha mtoto anayekwenda kuondoa vyombo. Baba aliyemaliza nyama yote angesemwa hadi mtoni.

Kaka yangu Kibet na mimi tulipigana kwa ajili ya sahani hiyo. Tulisimama nyuma ya mlango tukisikiliza, na baba aliposema "Beba," tulitoka mbio tukisukumana, hata mara moja sahani ikavunjika na kipande kikaishia kwa mbwa. Hatukuwa na njaa. Mama alikuwa ametupa nyama yetu jikoni, na pengine ilikuwa nono kuliko hiyo. Ni kwamba kipande kilichobakizwa na baba kilikuwa kimetoka kwa baba, na baba alikuwa mtu wa maneno machache. Ukitaka kujua kama amependezwa nawe ulitazama ukubwa wa kile kipande. Sisi, angalau, ndivyo tulivyoamini.

Nilipoingia darasa la sita nilipelekwa bweni katika shule moja ya Kericho, juu kidogo ya hoteli hiyo. Mliokula chakula cha bweni mnajua githeri ile ilivyokuwa, mahindi na maharagwe pamoja na wadudu wake. Jumapili moja kila mwezi wazazi waliruhusiwa kuja kututembelea, na mwalimu wa zamu aliwaacha watutoe nje kwa saa tatu. Mama hakuweza kuja. Alikuwa na mtoto mchanga, na ng'ombe, na majani ambayo hayajui Jumapili. Akaja baba.

Alikuja na koti lake la kijivu na kofia, viatu vimeng'arishwa, akasimama langoni akiwa amenyooka. Nilimwamkia akaniwekea mkono kichwani, kama ilivyo desturi yetu. Akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, akasema, "Hiyo ya shule si kula," akatangulia kuteremka njia. Nikamfuata.

Dirishani alichukua muda mrefu. Alikuwa mkulima wa majani chai, aliyezoea kupunjwa kituoni, na hakuamini mizani ya mtu yeyote. Aliinama mpaka kofia ikagusa kioo.

"Mzee, leo iko mbavu tamu sana," akasema aliyekuwa akihudumu. "Nikuwekee kilo?"

"Weka. Lakini usinijazie na mafuta."

"Siwezi, mzee. Na huyu ni msichana yako?"

"Ni wangu. Anasoma hapo juu."

"Basi huyu tutampatia ile ya kuongeza akili."

Mtu huyo aliitwa Omondi. Wazazi wake walitoka kule ziwani kuja kuchuma chai katika mashamba makubwa, na yeye akazaliwa huku huku. Alizungumza Kikipsigis, lugha yetu, vizuri kuliko binamu zangu wa mjini, na akikata nyama alikuwa na mazoea ya kuweka kidole gumba juu ya kisu na kufunga jicho moja.

Nyama ilipoletwa nilikaa na mikono mapajani. Sikujua nifanye nini. Baba alikuwa mbele yangu, ubao katikati yetu, na sikuwa nimewahi kunyoosha mkono kwenye chakula ambacho baba anakila. Alitafuna ubavu wa kwanza, akanitazama.

"Kula," akasema. "Huku hakuna mambo ya jikoni."

Nikala. Yeye naye alikula kama nilivyomsikia akila miaka yote kutoka nyuma ya mlango, kwa utulivu, akivunja gegedu kwa meno, akichovya kwenye chumvi, akipangusa vidole kwa ugali. Mwishoni ubao ulibaki na ubavu mmoja, mnene, umeiva ukingoni. Aliusukuma ubao kidogo upande wangu.

"Beba," akasema, na nikaona kwamba anatania. Baba yangu alikuwa ananitania. Nilirudi bweni siku hiyo sina habari na githeri ya mtu.

Mwezi uliofuata alikuja tena. Omondi alituona mbali akaanza kunoa kisu. Safari hii baba alijikatia vipande vidogo vidogo, akatafuna kila kimoja kwa muda mrefu, na baada ya kila kimoja akanywa maji. Nilidhani anafanya hivyo ili mlo uchukue muda. Alipousukuma ubao ulikuwa na vipande vinne au vitano. "Maliza," akasema. Nilikuwa nimekuwa wa tatu darasani katika mtihani wa katikati ya muhula, na nilikuwa nimemwambia tulipokuwa njiani. Nikaviangalia vile vipande nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka kumi na mmoja, kwamba hiyo ndiyo pongezi yangu.

Mara ya tatu aliagiza kilo ileile, lakini yeye akaomba supu. Aliinywa polepole kwa kijiko, akifumba macho kila anapomeza. Alichukua ubavu mmoja, akaunyonya mafuta, akaurudisha. Zaidi ya nusu ya ubao ilibaki mbele yangu. Nilikula mpaka tumbo likauma, kisha Omondi akanifungia iliyobaki katika karatasi ya kaki, nikaenda nayo bweni. Wasichana walinizunguka kitandani. Niliwagawia kidogo kidogo kwa madaha, nikawaeleza sheria ya kwetu ya kipande cha baba, nikawaambia kwamba baba yangu ananipenda kuliko watoto wake wote, na kwamba anayebisha atazame hiyo karatasi. Hakuna aliyebisha. Walikuwa na nyama mdomoni.

Ninasimulia haya nikijionea aibu, lakini sitaki kuyapamba. Sikuwa mtoto asiyeona. Niliona koti limeanza kumning'inia mabegani. Niliona anameza mate kwa shida. Yote niliyaona, na yote niliyapanga upande wangu. Kila alichoshindwa kula kilikuwa kwangu ni kipimo cha mapenzi, na mapenzi hayo yalikuwa yanaongezeka kila mwezi. Ningeanzia wapi kuhuzunika?

Mara ya nne ndiyo ninayoikumbuka vizuri zaidi. Baba alitia kipande kimoja kinywani, akatafuna, akatafuna, mpaka nikaona mishipa ya kichwani imesimama. Kisha akageukia ua wa michongoma, akakohoa, akatoa leso. Alipogeuka tena macho yalikuwa mekundu. Aliikunja leso kwa uangalifu akaitia mfukoni.

"Hii ya leo ni ngumu," akasema.

Haikuwa ngumu. Nilikuwa nimekula ileile.

"Usimwambie mama yako," akaendelea. "Atahangaika bure, na majani ni mengi sasa. Hii ni kitu kidogo ya koo. Itaisha."

Nikasema sawa. Akaondoka kwenda msalani, na alikaa huko muda mrefu. Omondi alikuja kufuta meza. Aliutazama ubao, akatazama njia aliyokwenda baba, akainama karibu nami na kitambaa mkononi.

"Wewe mtoto, skiza. Mzee wako hakuli. Hata mwezi iliyopita hakukula. Ukienda nyumbani ambia mama yako."

Nilikasirika sana. Nilijua kwamba katika hoteli za choma kinachobaki juu ya ubao huwa cha mhudumu, nikaamini kwa dhati kwamba Omondi anaona wivu. Mwezi uliopita alikuwa amenifungia nyama ambayo ingekuwa yake. Anataka mama amkataze baba kuja, nikawaza, ili yeye apate wateja wanaobakiza kwa ajili yake. Nikauvuta ule ubao karibu yangu na kuweka mkono juu yake.

"Baba anakula," nikamwambia. "Ananibakizia mimi."

Omondi alinitazama kidogo. Alikuwa na watoto, nilikuja kujua baadaye. Alifuta meza, akaenda.

Shule zilifungwa nikarudi Merigi. Nyumbani niliona kwamba baba hali ugali tena. Alikuwa anakunywa uji na maziwa, na mursik, maziwa ya mgando ya kwetu, ambayo mama aliilainisha kwa kuitikisa sana kibuyuni. Sahani yake ilikuwa inapelekwa sebuleni vilevile, nyama juu ya ugali, na aliposema "Beba" ilikuwa inarudi kama ilivyokwenda. Kibet na mimi hatukusukumana tena mlangoni, kwa kuwa ilitosha wawili. Nikamwambia Kibet kwamba hii si kitu, angeona huko Kericho. Mama alikuwa na utani wake juu ya hilo. Aliwaambia wanawake wa jirani kwamba mume wake na binti yake wamezoea hoteli, wanaona chakula chake ni cha ng'ombe. Wanawake walicheka, na mama akacheka nao.

Siku moja tulikuwa shambani tukichuma, mama na mimi tu. Yeye alikuwa safu ya juu, mimi ya chini, kikapu mgongoni, plastiki imefungwa kiunoni kwa sababu ya umande. Mikono ya mama ilikuwa inakwenda bila yeye kuitazama, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Aliuliza bila kugeuka.

"Huko Kericho, baba yenu anakula?"

Nilisikia swali nikajua ni swali la kweli, halikuwa la utani. Nilimkumbuka Omondi na kitambaa chake. Nilikumbuka pia kwamba baba ameniomba mimi jambo, mimi peke yangu, si Kibet. Na zaidi ya yote hayo, na hili ndilo nimelibeba, niliona mbele ya macho yangu Jumapili ambayo baba haji, langoni wamesimama wazazi wa wengine, na mimi niko ndani ya uzio. Nilijua kwamba nikisema ukweli, zile Jumapili zimekwisha.

"Anakula sana," nikasema. "Juzi alimaliza mbavu zote."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Haya," akasema mama. Mikono yake haikusimama.

Muhula wa pili baba alikuja mara moja tu. Ulikuwa ule wakati wa baridi, ukungu umelala juu ya majani chai hata mchana, na tulipoteremka njia alisimama mara mbili akijifanya anatazama mashamba. Dirishani hakuinama kuangalia mizani. Omondi alipima mwenyewe akaenda kuichoma, na nyama ilipoiva aliileta na kutaka kuikata. Baba akanyoosha mkono, akamwomba kisu.

Aliikata yeye mwenyewe. Alikata vipande vidogo sana, vya kulishwa mtoto mchanga, akitoa mfupa na gegedu, akavipanga upande wangu wa ubao mpaka upande wake ukabaki mtupu. Safari hii hakutia kitu mdomoni wala hakujifanya anakula. Aliweka kisu chini akakunja mikono.

"Kula nikuone," akasema.

Nikala. Nilikula vyote huku ananitazama. Nilikuwa nimejifunza kwa miezi kadhaa kwamba kula ndiko kumfurahisha, basi nikamfurahisha, nikamaliza hata makombo yaliyonasa kwenye chumvi. Haikunijia kumsogezea hata kipande kimoja, wala kumwuliza. Kuna siku nawaza kwamba ningemwuliza tu, "Baba, unaumwa?" pengine angeniambia. Labda asingeniambia. Alinirudisha langoni, akaniwekea mkono kichwani, akakaa nao hapo muda mrefu kuliko kawaida mpaka nikaona haya kwa sababu wenzangu walikuwa wanatazama. Nikainamisha kichwa nikatoka chini ya mkono wake, nikakimbilia bweni.

Wiki chache baadaye baba mdogo, ndugu yake wa kumfuata, alikuja kunichukua shuleni katikati ya juma. Kwetu ugonjwa wa koo si mgeni. Kuna wanaosema ni chai ya moto mno, kuna wanaosema ni mursik, kuna wanaosema ni damu tu, na karibu kila kanisa limemzika mtu kwa sababu hiyo. Walikuwa wamempeleka hospitali siku aliposhindwa kumeza hata maziwa. Nilipofika nyumbani jikoni palijaa wanawake, na nilimsikia baba mdogo akiwaeleza kwa sauti ya chini.

"Daktari anasema tungemleta miezi mitatu, minne nyuma, pengine kungekuwa na kitu ya kufanya. Pengine."

Nilikwenda nyuma ya zizi nikahesabu kwa vidole. Miezi mitatu nyuma nilikuwa kwenye safu ya chini ya majani chai, na kikapu mgongoni.

Baba alifariki kabla ya shule kufungwa mwisho wa mwaka. Siku ya mazishi watu walikuja kutoka pande zote, wengine kutoka Londiani kwa mjomba, na wanawake wa kanisa walipika wali na nyama katika masufuria makubwa nyuma ya nyumba. Wengi husimulia kwamba siku ya namna hiyo hawakuweza kula. Mimi nilikula. Nilipewa sahani nikaimaliza, nikapewa nyingine. Nilikuwa na njaa, na hakuna jambo lililonitisha siku hiyo kama kugundua kwamba nina njaa.

Tangu hapo nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nimefundisha watoto wa watu, nimezaa wangu. Nyama choma naila. Wenzangu wa kazini wakiandaa nakwenda, nachagua, nakaa, nacheka nao. Wanangu wanakula nami meza moja na wanaweza kunyang'anya kipande mkononi mwangu bila hata kuniomba. Lakini katika miaka yote hiyo kulikuwa na mtu mmoja ambaye sikuweza kumtazama machoni kwa muda mrefu, naye ni mama. Nilimtumia chochote alichohitaji, nilimjengea tangi la maji, nilimpigia simu kila siku ya Mungu. Watu walinisifu kwamba ninampenda mama yangu. Ni kweli nampenda. Lakini tangi lile nililijenga kwa woga.

Krismasi iliyopita nilikwenda Merigi peke yangu, siku mbili kabla ya wengine kufika. Mama amezeeka, miguu imevimba, hachumi tena ila hupenda kukaa kwenye kiti ukingoni mwa shamba akiwasimamia wanaochuma na kuwaambia kwamba wanachuma vibaya. Tulikuwa tumekaa hapo, jua la saa nne, wafanyakazi wamekwenda kupimisha majani. Sikuwa nimepanga kusema. Nilijikuta tu nimeanza.

"Mama, ile siku uliniuliza hapa shambani kama baba anakula. Mimi nilikudanganya. Hakuwa anakula. Nilikuwa najua, na Omondi wa hoteli aliniambia nikuambie, na sikukuambia."

Hakuuliza ni siku gani. Alikaa akitazama majani, mikono imelala juu ya magoti.

"Nilikuwa najua hakuli," akasema.

"Ulijua?"

"Mtu unalala na yeye kitanda moja miaka hiyo yote, hutajua amebaki mifupa?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

Akanieleza, taratibu, habari za kaka yake mkubwa, ambaye nilijua tu kwamba alikufa kabla sijazaliwa. Alikuwa na ugonjwa huohuo. Walimpeleka hospitali akitembea kwa miguu yake, akiwatania wauguzi, na wakamrudisha ndani ya sanduku. Tangu siku hiyo, akasema, kwake yeye kumpeleka mtu hospitali na kumzika kulikuwa safari moja. Baba alipoanza kukohoa kwenye leso yeye ndiye aliyezifua zile leso, na alizifua bila kusema kitu. Baba alimficha yeye, naye akamficha baba kwamba anajua.

"Nilitaka akae nyumbani kidogo," akasema. "Mwezi moja. Hata mbili. Lakini roho ilikuwa inanipiga kila siku, inaniambia mpeleke, mpeleke. Ndiyo nikakuuliza wewe. Ningetaka ukweli ningemwuliza mwenyewe. Wewe nilijua utaniambia anakula, na roho itulie."

Kule chini tulisikia lori la majani likipiga honi kituoni.

"Ulikuwa mtoto," akasema mama. "Ulikuwa hivi." Akainua mkono kuonyesha kimo, juu kidogo ya michai. "Na mimi nikakubebesha hiyo kitu. Nilikuona vile ulikuwa unakula kwa matanga, nikajua umebeba, na bado sikusema. Miaka yote nikiona namba yako kwa simu naogopa, nasema leo ataniuliza. Unisamehe, mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa miaka mingi kuomba msamaha. Kuombwa sikuwa nimejiandaa hata siku moja, na mama alikuwa amenigeukia, ananitazama machoni, akisubiri nimjibu.